Nani Anaweza Kukutafuta

Kilosa, 3 Mei

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku Bibi ni mzima, mimi usingizi umenikimbia. Usipige simu. Barua hii nampa Ashrafu, yule konda, akupe mkononi.

Baba alikuja. Bibi alimjibu, "Editha sijui alipo," akafunga mlango. Basi akanisubiri mimi njia ya shule. Hakunigusa, alinionyesha simu tu. Alikuwa ameandika namba yako, ile ile ya zamani, pale pa kutafutia watu mtandaoni, ikatokea akaunti yangu, niliyoipa jina la uongo, na picha yako ukikaanga samaki, malori nyuma yako.

"Mama yako kanenepa," akasema. "Hapa ni wapi?"

Nikasema sijui. Masikio yaliniwaka, Mama. Nafikiri aliyaona.

Sina laini yangu. Pasaka ulipokuja nilifungua akaunti kwenye simu yako, kwa namba yako, nikaweka picha niliyoikuta humo, na ule ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia nikaufuta usiuone. Palikuwa na swali la Kiingereza: nani anaweza kukutafuta kwa namba ya simu? Jibu walishaliweka wenyewe: kila mtu. Mimi ninayewatafsiria wenzangu darasani, nikabonyeza tu "endelea". Nimeshafuta kila kitu. Lakini yeye ameshaona.

Mwanao,
Tumwagile

Mikumi, 5 Mei

Mwanangu Tumwa,

Marahaba. Mgongo haujambo, ni mwenyewe sijiwezi. Barua yako nimeisoma nimesimama, samaki wakaungua, dereva mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nilikukasirikia mpaka jioni, kisha ikatosha. Kunenepa, hapo kasema kweli.

Sasa nijibu upesi: bango la Magreti, hapa ninapomkaangia samaki, linasomeka kwenye ile picha? Usinifiche kwa aibu zako hizo. Hili taya alilonivunja bado linalia nikitafuna. Laini nimeitupa chooni.

Mama yako

Kilosa, 7 Mei

Mama, shikamoo, mengine baadaye. Linasomeka. "Kwa Magreti, Mikumi", herufi nyekundu. Goodhope wa jirani kamwona Baba akipanda basi la kwanza la Mikumi. Hili la Ashrafu ni la pili, dereva anapiga honi. Ondoka!

Tumwa

Kilosa, 16 Mei

Mama,

Shikamoo. Ashrafu anasema alipokuulizia, Magreti hakugeuza hata shingo: "Editha? Hapa hakuna Editha." Ulimwambia ajibu hivyo? Au ndivyo ilivyo kweli?

Baba amerudi. Kapita mbele ya nyumba, mkono una bandeji, hakunitazama. Shuleni nasikia sauti za walimu, maneno siyasikii. Bibi hula akiangalia mlango.

Nimemwomba Ashrafu aiache hii mezani kwa Magreti, asiseme neno. Ukiipata, usitaje mahali. Itikia shikamoo yangu tu.

Mwanao,
Tumwagile

Marahaba.

Mafuta ya moto yalimfika baba yako mkononi kabla mkono wake haujanifika mimi. Nimepona, nakula. Mwambie Bibi ale kwa raha.

Ashrafu na Magreti usiwaulize kitu. Asinitafute mtu, mwanangu. Hata wewe.

Mama