Ulinibana Mkono Chini ya Mlima wa Moto

Baba Neema wangu,

Kikundi kinakwenda tena mlima Lengai. Keshokutwa alfajiri basi linatupitia hapa Mtoni, na kwenye kiti chako cha dirishani, kile ulichokigombania kama mtoto mdogo, safari hii atakaa binti yetu. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine ukaninunia hata huko uliko.

Unakumbuka wazo lilivyoanza? Kikundi chetu cha kufa na kuzikana, watu ambao miaka yote tulikuwa tunakutana chini ya turubai tu. Wewe ndiye uliyesimama kwenye kikao ukasema, "Jamani, sie tunajuana kwa misiba tu. Twendeni basi mahali tukiwa wazima." Watu wakacheka. Huyu akataja Bagamoyo, yule Zanzibar. Wewe ukataja mlima unaotoa moto. Ulikuwa umeuona kwenye simu ya dereva mmoja wa malori kule Kurasini, kwenye kazi yako ya kutoa mizigo bandarini, na tangu siku hiyo hukutupa nafasi ya kupumua.

Tulishona hata sare, kama kawaida yetu. Njia nzima ulikuwa unaimba, unawatania akina mama wa viti vya nyuma. Lakini tulipoiacha lami, vumbi likaanza kuingia madirishani, nikasikia kifua chako kinapiga kile kifilimbi chembamba. Wengine hawakukisikia. Mimi nilikuwa nakijua kifua kile kuliko nilivyoijua sauti yako. Nilikupa dawa yako ya kuvuta, ukaivuta nyuma ya leso kama mtu anayefuta jasho, kisha ukaendelea kuimba.

Halafu ikafika ile jioni kambini. Mlima ulikuwa umesimama mbele yetu peke yake, mkali, na moshi mweupe unatoka kileleni taratibu. Yule kijana mwongozaji akatukusanya, hakuwa na mzaha hata kidogo. Akasema moshi wa juu unakaba, mteremko ni wa majivu na mawe yanayoteleza, na gari haliwezi kumfuata mtu kule. "Mwenye pumu, presha au moyo aseme sasa hivi. Hatapanda, na si aibu."

Ukanishika mkono, ukaubana. Mume wangu, uliubana mpaka pete ikaniumiza. Nilielewa ulichokuwa unakiomba. Mke hasimami mbele ya watu akatangaza ugonjwa wa mumewe, hasa mbele ya kikundi ambacho mumewe ndiye aliyekiamsha na kukipeleka mwisho wa nchi. Nikaangalia mlima, nikaangalia wale watu katika sare zao, nikawaza wote hawa wanajua kuchimba kaburi.

"Huyu ana pumu," nikasema. "Haendi."

Mama mmoja akaguna, "Mama Neema naye!" Wewe uliuachia mkono wangu polepole, kidole kimoja baada ya kingine, na mpaka leo nakumbuka ulivyouachia kuliko ulivyoubana.

Wenzetu wakapanda, sisi wawili tukabaki. Uligeuza kiti ukanipa mgongo, ukautazama mlima. Na mimi nilikaa nasikiliza kifua chako, namwomba Mungu kisibane, na nitasema ukweli wote kwa kuwa hii ni barua ya wazi: kuna pembe ndogo ya moyo wangu iliyotaka kibane kidogo tu, ili uone. Hakikubana. Hukukohoa hata mara moja. Kifua kilitulia kama kinanikomoa.

Asubuhi walirudi wamejaa majivu mpaka kwenye kope, wanasimulia shimo linalotokota kama sufuria la uji mweusi. Uliwauliza kila kitu: lina sauti gani, linanuka nini, ardhi ina joto? Mimi ulinipa salamu tu. Hukuniongelesha mpaka Chalinze, na hapo ukasema neno moja.

"Ningefika."

"Au tungekuzika," nikakujibu. "Kikundi si tunacho?"

Nilikuona ulivyouma midomo usicheke. Lakini jambo lenyewe halikwisha. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, Lengai. Nikikukataza kulala feni ikiwa inakupuliza, Lengai. Na masika yale ya mwisho, kifua kilipokubana kweli na hukuweza tena kulala chali, ulinivuta karibu ukasema lile lile, "Mama Neema, ningefika." Nikakuambia, "Ungefika, mume wangu." Sikujua kama ni kweli. Bado sijui. Wenzetu walikuja kukuzika wamevaa sare za ile safari.

Sasa sikiliza. Nina presha. Wamenipa dawa kliniki na sijamwambia mtu. Jumapili Neema alikuja kutoka Segerea kunisaidia kufungasha, akaingiza mkono kwenye begi, akatoa vidonge chini ya khanga.

"Mama, hivi vya nini?"

"Vya kichwa."

"Mama, mie nafundisha watoto kusoma. Hapa pameandikwa vya presha."

Nikamshika mkono. Nikaubana. Baba Neema, nilishtuka, maana uliokuwa unabana ulikuwa mkono wako kabisa. Nilikuwa naomba kile kile ulichokiomba wewe, kwa nguvu zile zile. Nataka kupanda. Nataka kuliona lile shimo kwa macho yangu, nilisikie, halafu nije nikusimulie kaburini. Sikujua kumbe mtu anaweza kutaka kitu hivi. Nisamehe kwa kukucheka pale Chalinze.

Na Neema amenyamaza. Anapiga simu kila siku, ananiuliza kama nimekula, ananiambia nibebe sweta. Presha haitaji. Mwongozaji atauliza, najua atauliza, na binti yetu atasimama pembeni yangu na sare yake akiniheshimu. Hiyo heshima inanitia baridi. Nimejaribu kuifurahia nimeshindwa. Nimekaa hapa sebuleni tangu mchana, begi liko mlangoni, nikajikuta namtafuta mtu wa kunikataza, na mtu huyo sina. Wewe ulikuwa naye, ukampa mgongo.

Basi kalamu naiweka hapa. Nampigia simu sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Nitamwambia: mwanangu, tukifika pale chini ya mlima, nikikubana mkono, sema.

Lala salama, mume wangu.

Mke wako aliyekusemea,
Mama Neema