Hoho Zilizokufa kwa Maji

Nyabusozi, Jumanne jioni

Na bado nina hasira, hata chakula hakipiti.

Wiki mbili nimehangaika na pilipili hoho zangu. Mzizi ukioza, mche hunyauka kama wenye kiu, kumbe maji ndiyo yanayoumaliza. Nikaacha kumwagilia, nikachimba mifereji, nikang'oa miche iliyooza na kuichoma moto. Ugonjwa ukazidi kusonga, tuta kwa tuta.

Leo nimewahi kurudi kutoka sokoni, nikamkuta mama mkwe shambani na ndoo. Anamwagilia.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Mimea yako inakufa kwa kiu, mwanangu. Kila ukitoka naipa maji kidogo. Nilijua una kazi nyingi."

Niling'oa mche mmoja nikamwonyesha mzizi. Ulikuwa mweusi, umelainika, ganda linabanduka kwa vidole. Aliushika, akaubonyeza kwa kidole.

"Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia mume wangu, nikawaambia watoto, hata jirani. Yeye nilimpita kila asubuhi kwa salamu tu, nikidhani mzee hawezi kuelewa magonjwa ya mimea. Wiki mbili amepandisha maji kutoka mtoni kwa magoti yale mabovu, na nusu ya shamba imekwenda.

Jioni hii tumeng'oa pamoja miche iliyooza. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila nikifungua mdomo naona matuta matupu, nanyamaza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko hoho zenyewe.