Mashahidi Watatu wa Ile Video

Yaya wangu mpenzi, mukubwa wangu,

Huku Lusaka tuko wazima, ila baridi inatukata. Weye na watoto muko namna gani? Na goti la mama? Nakuandikia weye kwenye telefone, maana mama akisikia sauti yangu anakata.

Ana haki. Ile siku nilipata video: watu wanakimbia na matela ya kulalia kichwani, na chini imeandikwa "Uvira imeanguka". Nikaiweka kwenye grupe ya familia, nikauliza, "Hii ni kweli?" Binamu yetu mwimbaji akatoa swali langu, akabakiza video, akaitupia grupe ya korali yake ya kanisa. Kufika saa nane ikanirudia kutoka pande tatu. Nikasema, mashahidi watatu! Kumbe wote watatu ni minye mwenyewe, ni ile video yangu. Nikapigia mama: "Toka sasa hivi!" Akalala ku mupaka wa Burundi siku mbili, mvua juu yake, na goti lile.

Kesho yake ndipo niliitazama vizuri. Jua lilikuwa linazama ziwani. Yaya, minye mutoto wa Mulongwe, palepale Uvira! Kwetu jua linatoka ng'ambo, Burundi, linaingia nyuma ya milima. Hata mbuzi wa jirani angekataa ile video.

Nyumbani anayeleta habari ya kifo anaulizwa mulangoni: "Umeona na macho yako, ao umesikia? Kwa nani?" Asipojibu, hapewi hata kiti. Telefone tunaipa kiti na chai.

Na sasa kinachoniuma: wanasema vita inashuka kweli kutoka uwanda wa Ruzizi. Safari hii niliulizia watu wanne, kila mutu: uko wapi, umeona nini, saa ngapi? Wawili wameona wenyewe. Nikamupigia mama. Akasema, "Na hiyo nayo imetoka kwa korali?" Akakata.

Basi nakuomba, leo hii, nenda kwa yule muuza samaki ndagala wa darajani. Dada yake amefika jana kutoka uwandani, kwa miguu. Mupeleke kwa mama, aseme mwenyewe alichoona. Mama atamuamini, akiona vumbi la miguu yake.

Nisalimie shemeji fundi wa Kasenga na shangazi wetu katekista. Binamu mwimbaji naye musalimie, lakini kwa mdomo, si kwa telefone.

Na mama akiuliza nani amemutuma yule mwanamuke, usitaje jina langu. Atoke kwanza.

Mudogo wako anayekupenda.