Korosho Alizokula Mama

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mtoto yuko kwa jirani yetu fundi cherehani. Zile korosho za pakiti usizile wala usizitupe, nesi kasema kwenye simu tuziweke.

Mama yako kaamka anatapika na kuharisha, mwili unawaka moto. Jana nilikwambia redio imetangaza pakiti hizo zirudishwe dukani, huenda zina vijidudu. Ukacheka, "Hao wanaogopa hata kivuli chao." Kumbe ulimwekea bakuli zima kabla hujaenda zamu! Nimeligundua asubuhi hii chini ya kitanda chake, tupu.

Sasa dereva wa teksi kaingia kutusaidia, mama anamwambia, "Mkwe wangu kanilisha sumu." Nimechoka, baba watoto. Utamweleza mwenyewe ni nani aliyempa.

Funga mlango wa nyuma.

~~Lala kwanza, uje jioni.~~ Njoo hospitali sasa hivi.

Mwandiko mbaya, nivumilie. Tangu alfajiri mama yako ananisema, lakini mkono wangu hataki kuuachia.

Mama watoto