Lami Juu ya Kutu

Homa Bay

Nyamera Damaris,

Dada yako wa tumbo moja anakusalimu. Habari ya Kegonga, na goti lako limepoa? Sisi huku tunapumua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungelia, na mimi nisingemaliza.

Unajua mwanangu Dishon ndiye wa kwanza kuleta gari katika boma letu. Probox nyeupe, dada, hata mchungaji huomba lifti. Anabeba omena, hawa dagaa wetu, kutoka kisiwa cha Remba kupeleka soko la Rodi Kopany. Hapa ufuoni gari huingizwa ziwani kinyumenyume mpaka magurudumu yazame, omena zinatoka kwa mtumbwi moja kwa moja hadi buti, kisha gari linaoshwa papo hapo. Mimi nilikuwa nasimama pale nikipiga vigelegele.

Alhamisi, kabla ya safari ya kukuleta harusini kwake, Dishon alikuja na mkebe wa lami, ile ya kupaka chini ya gari kuzuia kutu. Alitaka kuipaka siku hiyo hiyo, mama yake mdogo aje na gari linalong'aa mpaka tumboni. Mdogo wake Job akasema kutu ikwanguliwe kwanza, ijulikane kama bado kuna bati. Akasema kupaka lami juu ya kutu ni kumpaka maiti poda. Dishon akamjibu kwamba mtu asiye na hata baiskeli hafundishi wenye magari.

Job akaupiga mkebe teke. Dishon akamchapa mdomoni kwa spana ya magurudumu, meno mawili yakaangukia lami iliyomwagika. Wanangu wana nguvu, sitaficha, ufuo mzima hakuna vijana kama wao. Job akamkaba, akakigonga kichwa chake mlangoni mpaka kioo kikapasuka na damu ikamziba macho. Irine, mchumba wa Dishon, aliingilia, akatupwa kama gunia. Halafu Job akaokota panga.

Nyamera, hapa usinihukumu. Nilichukua shoka. Walidhani nawaendea wao. Nilifungua mlango nikapiga sakafu ya gari kwa nguvu zangu zote, nikisema kama ni gari linawafanya muuane, basi leo nazika gari. Nilitegemea shoka liruke. Lilizama mpaka mpini, kama limekata muhogo uliooza. Nikapiga tena, na tena, na kiti cha abiria kikaanguka mchangani. Kile ambacho ungekalia wewe.

Job akaweka panga chini. Dishon akafuta macho, akachungulia lile tundu, akaketi hapo hapo kwenye lami.

Wameshonwa, wamelazwa vitanda viwili vinavyotazamana, na wauguzi wananiuliza niliwalisha nini wakawa wakubwa hivi. Harusi iko palepale. Job atamsimamia kaka yake akiwa kibogoyo. Gari usilingoje.

Msalimie shemeji na watoto wote. Shoka nimekuwekea ulione. Makali yake hayana hata pengo.

Ni mimi dada yako, mama yao,
Min Dishon