Dirisha la Mama Atupele

Baba Neema mpenzi,

Pokea salamu zangu, ingawa huku Kyela hata salamu zinatoka jasho. Nimefikia Bondeni kwa Mama Atupele, yule anayeniuzia mchele. Aliponionyesha chumba nilitafuta feni kwanza. Hakuna! Nikajisemea, leo nimekwisha.

Asubuhi akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" yaani, umelala? Kwao ni salamu tu, lakini mimi nilimjibu kwa dhati: nimelala fofofo mpaka chai imepoa! Nikamuuliza siri yake. Akacheka. "Siri gani, mwanangu? Si dirisha tu!" Ni la mbao, lina wavu wa mbu na linafunguka lote. Ukuta wa pili lipo jingine linalolitazama, kwa hiyo upepo wa ziwani unaingia huku unatokea kule, na migomba nje inazuia jua. Umeme wa LUKU kwake ni wa taa na redio.

Nikakukumbuka wewe. Madirisha ya namna hii ndiyo uliyoyataka kwenye nyumba yetu tunayojenga, mimi nikanuna wiki nzima nikidai kioo kipana cha aluminiamu kama cha jirani, upande wa jua la jioni, eti tutaweka AC. Mwambie fundi ajenge kama ulivyochora.

Nakuletea mchele na ndizi. Ila siku tukihamia, asubuhi ya kwanza nitakuuliza, "Ugonile?" Usinijibu kwa adabu, mume wangu. Nijibu kweli.

Mbishi wako,
Mama Neema