Fundo Alilolifungua Baba Mdogo

Baba,

Leo nimegomba ofisini mpaka watu wakajaa dirishani. Nimegomba kwa ajili yako, wewe uliyelala udongoni tangu nikiwa mtoto.

Hapa Mpanda naandika programu za kompyuta. Mwenzangu aliandika ile inayopeleka ujumbe wa zahanati kuomba gari la wagonjwa. Mwishoni aliweka kazi ya kufagia: lolote litokee, funga laini, toka. Desturi nzuri. Ila kazi hiyo aliikabidhi kosa lenyewe lililotokea njiani, si nakala yake. Inaweza kuliona, na inaweza kulifuta. Juzi ujumbe wa zahanati ya Kapalamsenga ulikwama. Kazi ya mwisho ikafunga laini vizuri, ikaandika "hakuna kosa" juu ya kosa. Mama mjamzito akaambiwa gari linakuja, akakaa akisubiri gari ambalo halikuitwa. Yeye amepona. Mtoto hakupona.

Nilipousoma ule mstari nilimwona baba mdogo.

Miaka ile ya sabini mlikwenda, wewe, yeye na wenzenu, kurina asali porini, mbele ya Inyonga. Mlikubaliana mwenye shida afunge fundo la gome kwenye nguzo ya kambi, wenzake wamfuate. Nyoka akakuuma. Ukajikokota mpaka kambini, hukukuta mtu, ukafunga fundo, ukashuka mtoni kutafuta maji. Baba mdogo ndiye aliyerudi kufunga kambi. Tangu siku ya kwanza aliambiwa: lolote litokee, zima moto, fagia, usiache kitu. Akazima. Akafagia. Akalifungua na fundo lako, akidhani umeshasaidiwa, umetangulia nyumbani. Akaja nyumbani akasema, "Kambi nimeifunga, kila kitu salama." Mama akasonga ugali, akakuwekea wako, kumbe wewe ulikuwa unafia mtoni.

"Nilifanya nilivyoambiwa," anasema hadi leo. Na mwenzangu kasema hivyohivyo. Nyie watu! Kufunga vizuri ndiyo kupona?

Nimeibadilisha. Sasa kazi ya mwisho inatazama kwanza. Ikikuta kosa inaliacha lilivyo, na yenyewe ikishindwa kufunga, inaongeza lake pembeni. Asubuhi skrini ikajaa makosa. Bosi akaja juu: "Mama Neema, umetuharibia mfumo!" Nikamwambia ulikuwa mbovu siku zote, leo ndiyo umesema. Anataka niurudishe ulivyokuwa.

Siurudishi, Baba. Wakitaka wanifukuze.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi, maadamu niko kwenye kiti hiki, hakuna mgonjwa atakayeambiwa gari linakuja na halijaitwa.

Binti yako,
Skola